Sema Unachokiona

Shemeji yangu Emrys alicheka hadi chai ikampalia:
"Mererid, miaka thelathini na minne barabarani,
hujagonga hata pipa la taka,
leo ulipe pauni mia mbili
ufundishwe kushika usukani?
Samaki naye apelekwe shule ya kuogelea?"

Sikumjibu. Risiti ilikuwa mfukoni.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nyuma ya maktaba ya Bala,
manyunyu ya Wales yakiwa hayajaamua kuwa mvua,
akaingia Idwal, trafiki mstaafu,
nyusi kama brashi za viatu.
Akafunga mkanda, akafungua daftari,
wala hakutaja breki, wala gia.
"Endesha. Na sema unachokiona.
Kwa sauti. Chote."

Naona barabara, nikasema.
"Hiyo hata kondoo anaiona."

Naona ua wa miti kushoto. Naona kibao cha kona.
Naona...
Miaka thelathini na minne, na maneno yameniishia
kabla ya daraja la kwanza.

Akanipokea yeye, polepole, kama anayesoma barua ya mtu:
"Tope bichi kwenye lami: kuna trekta mbele, haijafika mbali.
Ua unakuficha kona, nguzo za simu hazikufichi,
zifuate, zinapinda kulia.
Mapipa yako nje, bado yamejaa:
lori la taka utalikuta, tena mahali pabaya.
Lile gari jeupe, tazama chini yake.
Chini, si juu.
Viatu viwili vidogo, vyekundu."

Nilikuwa nimeshakanyaga breki.
Mtoto hakutoka. Alichuchumaa akifunga kamba,
akatukodolea macho tukipita mwendo wa konokono.
Hakuna kilichotokea, nikasema, karibu kwa lawama.
"Hicho ndicho unachokilipia," akasema Idwal,
akaandika kitu daftarini.

Sitadanganya kwamba nilimpenda.
Wiki ya tatu aliniuliza, taa ikiwa nyekundu mbele yetu,
"Unakimbilia wapi? Kusimama?"
Nilizunguka kipilefti mara mbili kwa hasira
nikakosa njia ya kutokea.
Na namjua daktari wa meno aliyefaulu kozi hiyohiyo:
amebandika beji mbele ya gari,
anapita shuleni kama anayefukuzwa na nyuki.
Beji haina breki.

Nilifaulu mwezi wa kumi na moja.
Bima ikashuka kwa pauni kumi na moja.
Emrys akageuza bahasha, akapiga hesabu mezani kwangu:
"Miaka kumi na minane, shemeji, ndipo pesa yako irudi.
Utakuwa na sabini na sita!"
Akanisukumia bahasha ushindi wake nikauone.

Hesabu haikuwa na kosa.
Lakini macho yangu siku hizi hayajui kupumzika,
yanatembea chini ya kila kitu yakitafuta viatu.
Naona tarakimu: kubwa, nene,
kama za mtoto anayeanza shule.
Naona gazeti lililokuja naye, halijakunjuliwa.
Naona sukari iliyomwagika kando ya kikombe.
Naona saa ya ukutani, saa tisa na nusu,
naye ameshaanza kutafuta koti,
yeye aliyekuwa mgeni wa kuondoka usiku wa manane.
Dirishani, gari lake:
ubavu wa kushoto umekwaruzwa upya,
rangi ya nguzo ya lango langu.

Dada yangu alikuwa jikoni, anaimba kidogo, hajui.
Au anajua.

Emrys bado anacheka, funguo mkononi.
Mkao wangu ulikuwa uleule wa Jumamosi,
mgongo wima, mikono miwili juu ya meza,
saa tatu kasoro robo.

Emrys, nikasema. Kwa sauti.
Mara ya mwisho kupimwa macho ilikuwa lini?