Vifurushi

Miezi mitano sikuigusa.
Mfumo wenyewe hauna toleo, hauna mwaka,
hutiririka tu kama mfereji wa nyuma ya kituo
unaposhuka toka Rungwe: ukichota leo
hukuchota maji ya jana.
Niliambiwa, sasisha kila juma.
Lakini kila juma lina mvua yake Tukuyu,
na kifurushi cha intaneti
hukata kabla vifurushi havijashuka.

Ijumaa, baada ya dumu la mwisho la maziwa,
nikanunua kile cha usiku, nikaandika amri, nikangoja.
Mia saba na kumi na viwili, ikasema.
Kisha ikagoma.

Programu ya mizani yataka maktaba ya pili.
Dunia nzima yataka ya tatu.
Hao ni mafahali, na zizi ni moja.
Nikiitoa ya pili, mizani inakufa,
na alfajiri Mama Syabumi yupo mlangoni
na lita zake kumi na moja na robo,
robo ambayo hajawahi kuisamehe.
Nikiibakiza, hakuna kinachosogea:
kichapishi kinazing'ang'ania herufi,
herufi zinaing'ang'ania picha,
picha imekishika kichapishi shati.
Nilivuta uzi mmoja tu wa sweta.

Nikaleta ujanja. Nikasasisha nusu.
(Usisasishe nusu. Nakuambia mimi,
niliyekaa saa tatu mbele ya kioo cheusi
na kistari kimoja cheupe kikipepesa
kama mtu aliyetaka kusema jambo akalisahau.)
Nikairudisha kwa fleshi ya uokoaji,
jasho likinitoka katika baridi ile.

Mwisho ikaniuliza, kwa adabu kabisa:
Kifurushi hiki ni yatima. Kifutwe? N/H

Yatima!
Baba yake yu hai. Anaitwa Anyosisye Mwaisumo,
alikiandika mwaka ule mizani ilipoletwa,
akila maharage juu ya meza hii hii,
akaondoka anatudai mishahara ya miezi miwili.
Yuko Mafinga, anauza mbao.

Nikapiga. Msumeno ulipokea kabla yake.
"Maktaba gani? Mimi siku hizi
napima kwa futi."
Kimya. Msumeno. Kisha:
"Ile robo ya Mama Syabumi, bado inatoka?"
Inatoka, nikasema.
"Basi subiri basi la kesho."

Jumamosi tukapima kwa jagi, tukaandika daftarini,
Mama Syabumi kasimama juu ya kalamu yangu kama askari.
Saa kumi jioni nikalipa elfu mbili stendi,
nikakabidhiwa kifurushi:
boksi la sabuni, gundi ya karatasi, vumbi la paini.
Ndani soksi. Ndani ya soksi fleshi.
Ndani ya fleshi faili moja, mistari mia nne,
na mahali fulani katikati, maneno yake mwenyewe:
hapa nimebana kwa pini, atakayekuja anisamehe.

Nikaichomoa pini. Penye mbili nikaandika tatu.
Ingekuwa hiyo tu! Mistari sita mingine
ilinila hadi saa nane za usiku.
Nikajenga, ikakataa. Nikajenga.
Nikajenga, na mara vikaanza kupita,
mia saba na kumi na viwili, kimoja kimoja,
kama wanawake na madumu yao mlangoni,
kila mmoja akitaja jina.

Jumapili. Kumi na moja nukta mbili tano.
Mama Syabumi akaitazama namba,
akaitazama tena, akafunga kanga.
"Ndaga," akasema,
akiiambia mizani, si mimi.

Hivi sasa vinasubiri vingine kumi na vinne,
na mvua imeanza, na salio ni sifuri.
Lakini kabla sijalifunga lile faili
niliongeza mstari chini ya msamaha wake:
pini imetoka. mishahara miwili, bado.