Vuta

Angharad, binti wa utafiti, ananibana pua
kwa kibanio cha plastiki, ananitia mrija kinywani:
"Vuta, Bwana Shekuwe, vuta, vuta!"
Navuta. Mshale unatikisika, unarudi ulikotoka.
Arobaini na tatu.
Paka akikohoa anazidi hapo, nasema. Hacheki, anaandika.

Ananikabidhi chupa: jua la Swansea,
vidonge tisini, kimoja kila baada ya chai.
Jua nililolikimbia ujana mzima chini ya kofia
leo nalimeza kwa maji.
Au nameza chokaa. Nusu yetu tumepewa bure tupu,
na hata yeye hajui ni nani.

Nyumbani lifti imekufa tangu Februari.
Ghorofa ya tatu, mifuko miwili ya viazi.
Kidato cha kumi na nne nasimama,
najifanya natafuta funguo.

Wiki ya nane nimesimama cha kumi na tisa.
Kidonge? Ngazi zenyewe? Sijui.
Kwetu pumzi na mapumziko ni ndugu wa tumbo moja;
hapa kila mmoja ana foleni yake.

Bi Pugh anachungulia mlangoni:
"Umepoteza funguo tena?"
"Tena," namjibu,
nazo zinalia mfukoni.