Jiwe la Madeni

Nyuma ya nyumba yetu, Igogo,
lilikuwepo jiwe refu kuliko paa,
na juu yake mama aliandika kwa mkaa
nani kachukua dagaa, sado ngapi, siku gani.
Daftari, alisema, hununuliwa.
Jiwe tumelikuta.

Kazi yangu, darasa la tatu, ilikuwa mvua.
Wingu likitanda kutoka ziwani
nilisimama mbele ya jiwe nikalikariri:
Mama Sungwa, mbili.
Fundi Masalu, moja na nusu.
Nyangeta, mjane wa kule bombani, nne.
Ikinyesha, ikafuta, ikapita,
nilichukua mkaa nikawarudisha wote,
hata ile nusu ya fundi.

Ila Aprili moja, saa ya uji,
nilimkuta Mazigo, mwana wa Nyangeta,
nyuma ya choo cha shule,
anakunywa maji, kisha anafuta mdomo
kama mtu aliyeshiba.
Usiku ule ikanyesha mpaka mabati yakachoka.
Asubuhi nikaandika watu wote.
Karibu wote.

Mama alirudi kutoka Mwaloni, ndoo tupu kichwani,
akalitazama jiwe bila kuitua.
"Mvua ya siku hizi," akasema, "imesoma.
Inachagua majina."

Akaingia ndani, akatoka na kopo langu,
pesa za mayai, miezi mitano ya kuku wangu mmoja,
akalimimina kwenye ungo
akahesabu mbele yangu, polepole,
sarafu juu ya sarafu, mpaka sado nne zikatimia.
Zilizobaki alizirudisha koponi.
Zilikuwa mbili. Zilisikika.

"Huruma si kosa, Minza.
Lakini ukisamehe, samehe chako.
Hizi zilikuwa za mwenye mtumbwi,
na za ada ya kaka yako,
na za chumvi."

Nililia hadi magharibi.
Kuku akataga kesho yake, hakuna aliyemwambia.

Wiki ilipoisha Nyangeta alikuja na bakuli,
amesimama upande, kama mtu anayepita tu.
Mama akampimia sado moja,
akaongeza konzi, akaongeza nyingine,
wakaongea habari za mvua.
Mkaa haukuguswa.

Nikangoja mgeni apotee nyuma ya mawe.
"Na hiyo, mama, ni ya nani?"

"Yangu," akasema,
akafungua fundo la khanga, akatoa noti,
akaiweka kwenye kopo la biashara,
kisha akalifunga tena fundo,
dogo, kama punje ya mtama.