Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kitabu cha maktaba ya shule, Al-Khoud,
jalada limebanduka pembeni, kinanukia ubani
wa nyumba iliyokiazima kabla yetu.

Shinuna anasoma kwa sauti, kidole kikitangulia.
Wajapani huvua viatu mlangoni.
"Kumbe kama sisi!"
Bhutan, pilipili huliwa kama mboga.
"Hao bibi angewaweza."

Kisha Oman. Ukurasa mmoja tu, nusu yake picha:
ngamia, ngome, mzee na jambia lake.
Lugha: Kiarabu. Nukta.

Jikoni bibi yake anageuza vitumbua,
anamgombeza paka kwa Kiswahili cha Mkunazini,
paka wa hapahapa, aliyezaliwa nyuma ya kiyoyozi,
na paka anaelewa, anashuka mezani.

"Mama, bibi yuko ukurasa gani?"

Mimi nikatafuta jibu. Yeye akatafuta penseli.
Mali ya shule hiyo, nilitaka kusema, haiandikwi.
Nikamchongea.
Akaandika, herufi zikipanda mlima:
Na Kiswahili.

Jumapili tukakirudisha. Mwalimu Zuwaina alikipokea
nami nikajitia kusoma tangazo la chanjo ukutani.

Baada ya Idi tukakiazima tena.
Chini ya mwandiko wake, kalamu ya kijani:
Na Kibaluchi, nyumbani kwetu.
Chini zaidi, wino umechuruzika:
Kijibbali!! Mmetusahau.

Na ile nukta ya mwanzo, iliyopigwa chapa,
kuna mtu ameiongezea mkia.
Sasa ni mkato.