Aya ya Kumi na Nne

Nimerudi Mtumba na begi la makaratasi,
mafua ya kumbi zenye viyoyozi,
na kadi ya shingoni ambayo bado ina picha yangu
nikitabasamu kama mtu aliyeahidiwa kitu.

Siku kumi na mbili tulibishania kitenzi.
Sisi: *watatoa*.
Wao: *wanahimizwa kutoa*.
Saa tisa usiku, mkalimani keshavua viatu,
mwenyekiti akaomba tukutane katikati.
Katikati, nimejifunza,
ni mahali ambapo mvua hainyeshi.

Basi fedha zikatiwa ndani ya mabano,
mabano ya mraba,
zizi imara la ng'ombe ambaye hajazaliwa,
na sote tukapiga makofi, maana mabasi yalikuwa yanangoja.

Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Chilonwa.
Mwezi wa pili huu, na uwele uko magotini,
umekunja majani kama mwenye homa.
Kikundi kilishaanza kikao.
Sanduku la kijani, kufuli tatu,
funguo kwa wanawake watatu wasio ndugu.
Kabla sijamaliza salamu nikaambiwa:
umechelewa nusu saa, faini mia tano.
Nikalipa. Nikaandikiwa risiti.

Nikawasomea aya ya kumi na nne.
Nikasema ustahimilivu. Nikasema hasara na uharibifu.
Nikasema vyanzo mbalimbali vya fedha,
na kuku akapita katikati yetu bila haraka,
akatoka kwa mlango wa pili.

Sechelela Chibago, mtunza daftari,
akainua kalamu.
"Hao wakubwa, hisa zao wanaleta lini?"
Nikasema, waliahidi.
"Asiyeleta, faini yake kiasi gani?"
Nikasema, hakuna faini.
Hakuandika. Alinitazama tu, kisha akatazama sanduku.
"Na wakileta, ni za kurudisha?"
Nikasema, nyingi ni mkopo,
riba yake nafuu.

Kicheko kikapita benchi kwa benchi,
kikavu, kama maganda ya karanga.
Nyemo, mtoto mgongoni, akauliza kwa upole,
upole ule unaouma:
"Mbuzi wa jirani wamalize shamba langu,
halafu jirani anikopeshe mbegu?"

Nilikuwa na jibu. Lina kurasa sitini.
Lipo kwenye begi.

"Na sanduku lao," akasema Sechelela, "funguo ziko kwa nani?"

Baadaye walinipeleka korongoni.
Mchanga mweupe, kwato, mfuko wa saruji uliopasuka.
Sechelela akapiga magoti akachimbua
kwa viganja viwili vilivyopinda, vikitazamana,
mpaka kiwiko kikazama.
Tukangoja. Huwezi kuyaharakisha.
Yakaja, rangi ya chai ya rangi iliyochuja,
na viganja vikayachota
na hapo ndipo nilipoyaona mabano,
mabano ya nyama na kucha na mchanga,
na ndani yake kitu chenyewe,
si ahadi ya kitu.

Sikusema. Kuna mafumbo
ambayo ukiyatamka mbele ya mwenye ndoo ni utovu wa adabu.
Nilishika ndoo.

Usiku huu taa ya ofisini ni yangu peke yangu.
Mwezi wa sita tunakutana tena,
kumbi nyingine, biskuti zilezile.
Naandika upya msimamo wetu.
Nafuta *wanahimizwa*.
Naandika *watatoa*, naongeza *si mkopo*,
naongeza mstari kuhusu atakayechelewa,
najua watautia mabano kabla ya chai ya saa nne.
Naongeza hata hivyo. Swali la funguo nalo
nimeliandika kama alivyolisema,
bila kulivalisha suti.

Risiti nimeibana kwa pini juu ya aya ya kumi na nne.
Mwandiko wa kuegemea kushoto, wino wa bluu:
*Jina: mgeni wa Mtumba.
Kosa: kuchelewa.
Shilingi mia tano.
Imelipwa.*