Kilo Moja na Robo

Mama Cibalonza alisogeza maharage pembeni,
nikailaza juu ya mizani yake, hapo sokoni Kadutu.
Mshale ukatetemeka, ukatulia:
kilo moja na robo.
"Hii njo masini, ama ni sahani ya sambaza?"
Akacheka. Kisha: "Na ile ingine, kubwa, iko wapi?"
Nikamwambia anipimie kwanza maharage.

Ile kubwa ilipanda ngazi za Nyamugo
mgongoni mwa Birindwa, mbeba saruji:
kioo safari yake, sanduku safari yake,
na kila safari alidai bei ya mfuko mzima.
Umeme ukikatika ilikufa papo hapo
na ukurasa wa mtu mdomoni.

Hii naitia kwenye kikapu, naifunika sombe.
Vijana wa kona wanamwona mama atokaye sokoni,
hawaoni kazi.
Na umeme ukiondoka, maana huondoka bila kuaga,
kilima chote kikawa cheusi hadi ziwani,
mimi nabaki na kidirisha changu usoni
saa tano; sita, nikipunguza mwanga,
nikimchapia Zihalirwa kitabu chake cha kumaliza chuo
juu ya udongo unaoteremka Kadutu.

Lakini tusemezane ukweli.
Vidole vyangu vimelima Walungu miaka kumi;
vitufe hivi vilipangiwa mtoto.
Nagonga a, jirani yake z anaitika.
Mwezi jana mwanafunzi mmoja alimshukuru, ukurasa wa kwanza kabisa,
"bzbz yangu mpendwa".
Mwalimu ndiye aliyeliona. Karatasi nililipia mimi.

Kioo chake ni viganja viwili:
ukiona kichwa cha ukurasa, miguu haipo.
Jedwali la Zihalirwa, safu kumi na nne,
lilipita humo kama jeneza kwenye mlango mwembamba,
kwa kuinamishwa.
Mdomo wa kulia sidii haina.
Ukifungua kazi mbili inakubali,
ya tatu inafikiri.
Ikifikiri, mimi namenya viazi.

Byamungu aliyeniuzia, pale Nyawera, hakunidanganya:
"Mama, wepesi unauzwa, nguvu nazo zinauzwa.
Wewe una dola mia na thelathini."

Usiku ule wa mvua
tuliposikia kilima kikisaga meno
sikuuliza ina nguvu kiasi gani.
Nsimire mgongoni, hii kwapani,
ngazi mia na kitu gizani, matope yakinifuata visigino.
Vitabu saba vya watoto wa watu vilishuka nami,
vikavu.

Ile kubwa ilibaki mezani,
chini ya kitambaa nilichoifumia mwenyewe.
Ndani yake sauti ya marehemu mama
akihesabu ng'ombe wa harusi yangu, akikosea, akianza upya;
na picha, na barua za miaka minane.
Nilijaribu kuvihamishia hii
ikaniandikia: nafasi haitoshi.
Nikasema wiki ijayo.
Nitanunua kijiti cha kuhifadhia, wiki ijayo.

Nyepesi, ndiyo. Sasa najua imeacha nini
ili iwe nyepesi.

Mama Cibalonza aliongeza kiganja cha maharage juu ya kipimo,
hakusema kitu.

Leo Zihalirwa anataka sura ya nne irudiwe.
Ana mambo mapya, anasema,
amepiga picha Nyamugo.
Naifungua.
Inafikiri.
Natafuta kisu cha viazi.