Lipo

Mwezi huu tena wamekata pauni kumi na tatu,
kimya kimya, wanauma na kupuliza.
Jana nimelipa. Leo filamu niliyoifikisha nusu haipo.
Haki za kuionyesha zimekwisha, kioo kimeandika,
na yule mwanamke nilimwacha mlangoni, mkono kwenye kitasa.
Sijui kama aliingia.

Redcar, saa nane za usiku.
Bahari ya Kaskazini inapiga mluzi kwenye ufa wa dirisha.
Zamani nilikuwa na sanduku la kanda;
ukiniazima, unanirudishia ina mikwaruzo na makombo ya biskuti,
lakini ni yangu.
Sasa nina nywila nne na sina kitu.
Nimepanga nyumba, nimepanga simu,
nimepanga hata kicheko.
Nililipa nisione matangazo; matangazo yakaja;
naambiwa niongeze kidogo, yaondoke.

Shaweji anaingia kutoka zamu, koti linanuka mvua.
Basi lake linakunywa haidrojeni.
Wiki ya pili halijatoka gereji:
pampu imegoma, na lori la gesi
liko njiani tangu Jumatatu.
"Mwakani," anasema, akivua viatu,
"watajenga mtambo hapa hapa, mdomoni mwa mto Tees.
Upepo utayapasua maji, gesi huku, hewa safi kule,
hakuna moshi, hakuna wa kukohoa."
Mwaka jana pia alisema mwakani.

Wilf Garbutt wa nyumba ya pili,
aliyekula chumvi ya tanuru la chuma miaka thelathini
na kufukuzwa kwa barua ya mistari mitatu,
hucheka mpaka afute macho:
"Ahadi za hapa, dada, zinapakia tu. Hazichezi."

Usiku ule nilijitoa.
Waliniuliza mara tano kama nina hakika.
Mara ya tano walinionyesha picha ya yule mwanamke,
mlango ule ule.
Nikabonyeza.

Alhamisi pampu ikapona.
Nilikwenda kituoni na khanga juu ya koti,
basi likaja bila ngurumo, nusura nisilisikie.
Nikainama nyuma, abiria wakinishangaa,
nikakinga kiganja chini ya bomba.
Tone moja. Vuguvugu.
Nikaliramba: halina ladha yoyote.

"Vipi?" Shaweji aliita kutoka kwenye usukani.
Sikumwambia kama litatosha mji,
wala bei yake, wala mwakani.
Nilimwambia: lipo.